Uso wa Bertille juu ya Gunia la Unga

Ilunga alikuwa seremala wa milango, meza na majeneza, na katika mtaa wote wa Kataki hapakuwa na mtu aliyejua kuwalaani wakubwa kama yeye. Mvua ikichelewa, ni kamishna wa zone, mkuu wa serikali ya pale. Chumvi ikipotea sokoni, ni kamishna wa zone. Mke wake Bertille alipokufa kwa homa katika chumba cha zahanati kisichokuwa na hata sindano, alisema ni wao waliomuua, na hapo hakuna aliyembishia, maana dawa kweli zilikuwa zimekwisha na gari la zone lilikuwa limekwenda kubeba bia.

Lakini lilikuwapo neno moja ambalo hakumwambia mtu. Miaka mitatu kabla ya kifo, Bertille alichukua pesa yake ya kuuza ndagala, dagaa wa ziwa, akaenda kwa Félicien mchoraji, akachorwa kifua na uso, kitenge cha buluu begani, juu ya nguo ya gunia la unga. Alirudi nayo kwapani, imeviringishwa kama mkeka. Ilunga alicheka mpaka akakohoa, akasema mwenye akili zake hanunui uso ambao tayari anao. Bertille hakununa. Alisema tu, "Wewe njo seremala, Papa, si mwingine. Unitengenezee kadre ya kuitundikia."

Akaitikia. Mwezi ule ule zone ikamwagiza kadre arobaini za kutundika picha ya Raisi katika biro zote za serikali, hata kile kibanda cha kupimia samaki bandarini. Akaranda, akapiga msasa, akatia vanishi. Ya mke wake haikufikiwa na zamu. Mwaka uliofuata yakaja madawati, kisha viti vya ukumbi wa chama. Nguo ikabaki nyuma ya kabati, na Bertille aliuliza mara mbili, mara ya tatu akaacha.

Sasa ndugu zake wa Kirungu walikuwa wametuma habari: watapanda boti Moba, watafika Kalemie Jumapili ya mwisho wa mwezi kuondoa matanga. Ilunga akaitoa ile nguo, akapangusa utando wa buibui, akajiapia kwamba watamkuta dada yao ukutani, amekaa vizuri kama mtu mwenye mume.

Kadre alizijua. Lakini picha za zone zilikuwa karatasi chini ya kioo; nguo ya kuchorwa hutandwa kwanza juu ya fremu ya ndani, ambayo mafundi huiita shasi, na kazi hiyo hakuwahi kuishika. Akameza aibu yake, akaenda kwa Félicien. Katika karatasi za serikali Félicien alikuwa Mukalay, tangu majina ya ubatizo yapigwe marufuku, ila mtaani hakuna aliyejisumbua.

"Papa Ilunga, umekuja kunipima jeneza?" alimuuliza. "Ngoja kwanza nife."

Alipoelezwa hakutania tena. Akamkatia kipande cha gunia tupu, akamwambia ajaribu. Ilunga akaanzia pembeni, akapigilia upande mzima misumari midogo ya fundi viatu, mmoja baada ya mwingine, kisha akauvuta upande wa pili kwa nguvu zake zote. Nguo ikakunjamana kama shingo ya kobe.

"Unapigilia sakafu? Nguo haina mufupa."

Félicien akaing'oa yote, akaanza upya mbele yake. Msumari wa kwanza katikati ya upande mmoja, wa pili katikati ya upande unaoukabili, halafu pande mbili zilizobaki, mpaka nguo inaonyesha msalaba. Kutoka hapo unakwenda kidogo kidogo kuelekea pembe, huku na huku, usiupendelee upande wowote. Alimfundisha kuuranda ukingo wa ndani wa mbao ili usiiume nguo, kupima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe ili shasi isilale upande, na kukunja pembe za nguo kama masista wanavyokunja shuka za hospitali. Siku ya nne Ilunga alitanda gunia bila kunyanzi hata moja. Félicien akaligonga kwa kifundo cha kidole, likalia.

"Umesikia? Ikiitika hivi, imekubali. Alhamisi ulete picha, tutaitanda wote wawili. Ya bibi yako usiiguse peke yako."

Ilunga alirudi nyumbani na ile sauti masikioni. Baba yake, kule Nyunzu, alikuwa fundi wa ngoma, na ngozi ya ngoma hulowekwa maji kwanza. Ikikauka hujikaza yenyewe, hakuna mkono wa mtu unaoweza kuikaza hivyo. Jioni alilinyunyizia maji gunia lake la mazoezi. Asubuhi lilikuwa limekazika hata likigongwa linajibu hadi mlangoni. Akafurahi kama mtu aliyemfumania mwalimu wake akificha jambo.

Jumatano jeep ya zone ilikuja ikamchukua Félicien na ndoo zake za rangi. Kulikuwa na mgeni mkubwa kutoka Kinshasa, na bendera za vitambaa za kumkaribisha zilikuwa hazijaandikwa. Alhamisi hakurudi. Ijumaa hakurudi. Ilunga alitukana zone, akatukana mgeni, akatukana na ndege iliyomleta. Jumamosi asubuhi akafunga mlango, akaikunjua picha ya mke wake mezani.

Alifuata yote aliyofundishwa. Katikati, katikati, msalaba, pembe. Lakini nguo iliyokaa imeviringishwa miaka mitatu ilikuwa imeshika ukaidi, na katikati ilibaki na mawimbi. Akaigonga, haikuitika. Basi akachukua kitambaa na bakuli la maji, akailowesha kwa nyuma, akaibonyeza taratibu kwa kiganja, nyuma ya paji la uso, nyuma ya mashavu, kwa upole ambao Bertille mwenyewe hakuupata mara nyingi.

Jambo ambalo hakujua ni kwamba Félicien, kabla ya kuchora, hupaka gunia uji mzito wa muhogo ili rangi ishike. Gunia la mazoezi lilikuwa tupu, halikuwa na uji. Hili lilikuwa nao, nao ukanywa maji, ukaamka. Kabla ya saa sita rangi ilikuwa imeinuka kama magamba ya samaki, na Ilunga alipojaribu kuirudisha kwa kidole, ikabaki kwenye kidole. Kitenge kilisalimika, na shingo. Kutoka paji hadi kidevu palikuwa peupe, na herufi za kiwanda cha unga zilionekana.

Félicien alifika alasiri, vidole vyekundu kwa rangi ya bendera. Ilunga alimpokea na maneno yake: zone yenu, mgeni wenu, mnaitwa mnakimbia. Mwenzake alimwacha amalize, huku akiangalia picha.

"Ulitia maji?"

"Ngozi tunaitia maji."

"Ile ni ngozi ya mbuzi, Papa."

Hakumgombeza zaidi. Alisema uji ukikauka anaweza kuupaka upya na kuchora uso kesho, ila nyuso alizochora ni nyingi, huu hakuukumbuka. Akavuta kiti. "Niambie. Nyusi zake zilikuwa namna gani?"

Ilunga alijua kikohozi cha Bertille, alijua hatua zake uani, alijua anavyokwangua ukoko wa bukari sufuriani. Nyusi hakuzijua. Akasema palikuwa na kovu shavuni.

"Shavu gani?"

Aliinua mkono wa kulia, akainua wa kushoto, akaishusha yote miwili.

Jumapili ndugu waliingia, wanawake watano, mbele yao Odile, dada mkubwa wa marehemu. Ilunga hakuificha picha. Ilikuwa ukutani. Odile alisimama mbele yake bila kuvua kitambaa chake cha safari.

"Shemeji, nani amekula uso wa mudogo wangu?"

Ilunga akaanza kueleza habari ya jeep, ya bendera, ya zone. Odile alingoja tu, hakumwondolea macho, na maneno yakaanza kumwishia.

"Ni mimi," alisema. "Aliniomba kadre, akangoja miaka mitatu, nikawatengenezea wao. Na maji ya jana, ni mkono wangu."

Odile hakumpa pole. Alimgeukia Félicien, aliyekuwa amekaa pembeni na vidole vyake vyekundu, akamuuliza kama rangi ipo.

Wakakaa. Félicien akachanganya rangi, na wanawake wakasema. Mmoja alisema nyusi zilikaribia kugusana. Mwingine alisema hapana, ni akikunja uso tu, wakabishana, wakacheka, mmoja akalia. Walisema jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo akitaka kudanganya. Odile aliweka kidole kwenye shavu lake mwenyewe, karibu na sikio: kovu lilikuwa hapa, la kaa la moto, siku walipoiba mahindi ya katekista. Ilunga alikuwa ameishi na kovu hilo miaka kumi na tisa, na habari ya kaa ndiyo kwanza aisikie.

Yeye alipewa kazi ya kushika shasi kwa nyuma isitikisike. Aliona mbao na mgongo wa gunia, basi, na huko upande wa pili mke wake alikuwa akirudi kwa midomo ya watu wengine.

Walipomwita azunguke, kazi ilikuwa imekwisha na wanawake wamekwisha kukubali kwamba ni yeye.

"Papa Ilunga," Félicien aliuliza, "njo yeye?"

Aliangalia uso wote, akitafuta kitu cha kusahihisha. Hakukiona, wala hakujua angekitafuta wapi.

"Njo yeye," akasema, kwa kuwa wao walikuwa wamesema hivyo.