Kipande cha Keki cha Daktari Merrill

Mama mkwe wangu, Luella, ana keki moja ya matufaha ambayo watu huifungia safari. Tabaka zake ni nyembamba, zimeshikanishwa na matufaha makavu yaliyochemshwa na viungo, na yeye mwenyewe huionea fahari kuliko anavyomwonea mkwewe.

Kila Jumapili ya kwanza ya Septemba kanisa letu la Kibaptisti hukaribisha waliohamia mijini. Hupanda tena milima yetu ya Kentucky, tunasafisha makaburi, kisha tunakula pamoja nje, na ole wako uondoke bila kuonja sahani ya kila mama. Mwaka ule Luella alimwalika Merrill Haslam, daktari wa mifugo, aliyekuwa akigombea kiti cha baraza la kaunti. Merrill ni Mmormoni, wa lile kanisa lenye makao Utah na nabii wake, ambalo zamani liliruhusu wake wengi, na kwetu hilo lilikuwa neno. Lakini katika wagombea wote ni yeye tu aliyeapa kwamba wodi ya wazazi katika hospitali yetu haitafungwa, na mke wangu Kelsie, binti wa pekee wa Luella, alikuwa mjamzito.

"Kura yangu anayo," Luella aliniambia akikata keki. "Alimzalisha ng'ombe wangu kwenye mvua ya mawe, hakuniuliza nasali wapi."

Merrill alifika amevaa tai, bila hata karatasi moja ya kampeni. Alisema Jumapili si siku ya kuomba kura. Mzee Buford, shemasi wetu, ambaye mpwa wake ndiye aliyekuwa mpinzani, akacheka kwa dharau.

"Karibu, daktari. Wake zako wengine umewaacha wapi?"

"Huyu mmoja tu ananishinda, mzee. Wengine nitawawezea wapi?" Merrill akajibu, na mkewe Janeal akamfinya mkono. Watu wakacheka. Nikajua mambo yetu yameiva.

Ndipo Luella akaja na sahani. "Shika, baba. Ukimaliza hiyo nakuongeza."

Merrill aliitazama, akameza mate. "Mama Luella, nisamehe. Naomba unifungie, nitakula nyumbani jioni."

"Nikufungie? Kwani hapa pana nini?"

"Hapana kitu, mama. Leo tu, tafadhali."

Hakusema zaidi. Janeal naye alikataa, macho chini.

"Mmeona?" Buford alisema walipokwisha kuondoka. "Chakula chetu kwao najisi. Hawa wana Yesu wao mwingine, na amri zao zinatoka Utah. Mpeni kiti, muone nabii wao atakavyotutawala."

"Mzee, huyu anachanja ndama wako kila mwaka," nilimwambia. "Mbona hujamuuliza kama chanjo inatoka Utah?"

Wachache walicheka, lakini Luella hakucheka. Kipande kile hakukifunga. Alimtupia mbwa mbele ya macho yangu.

Nilimsihi mpaka mwezi wa uchaguzi. "Mama, mfikirie Kelsie."

"Kelsie ana Mungu. Mtu asiyekula kwangu hatanitawala."

Habari ya ile sahani ilipanda milima na kushuka, na kila ilipopita iliongezwa chumvi. Merrill akashindwa. Mapema Januari baraza jipya lilikaa, na wodi ikafungwa kwa tofauti ya kura moja. Nina hasira nayo mpaka leo, hiyo kura moja.

Kelsie alishikwa na uchungu mwishoni mwa Januari, barabara yote barafu. Hospitali iliyobaki na wodi ya wazazi ilikuwa ng'ambo ya milima miwili. Gari langu liliteleza likaingia mtaroni, na aliyetukuta pale ni Merrill, akitoka kutibu ng'ombe, matairi yake yamefungwa minyororo ya kuzuia utelezi. Alitupakia, akaendesha akiomba kwa sauti. Kelsie alipona. Binti yetu hakulia.

Tulimzika Jumapili, na baada ya mazishi watu wakajaa nyumbani kwa Luella. Janeal alileta viazi vya kuoka na jibini, ambavyo wao huvipeleka kila penye msiba, akawa anatubembeleza tule. Luella alimtazama kwa muda. Aliona kwamba Janeal na mumewe hawakugusa chochote.

"Na nyinyi mbona hamli?" aliuliza kwa ukali.

Janeal akamgeukia Merrill. "Nisamehe, mume wangu, leo nasema. Mama, ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Sisi hufunga, na thamani ya milo hiyo huwapa wasio nacho. Tutakula jioni."

Luella aliketi taratibu. "Na ile ya Septemba?"

"Ilikuwa ya kwanza pia."

"Sasa si ungesema, baba? Neno moja tu!"

Merrill aligeuzageuza kofia mikononi. "Yesu alisema ukifunga usijitangaze, mama. Nikaona kunyamaza ndiyo heshima. Kila siku najuta. Ningesema."

Maneno hayo ya Yesu sisi Wabaptisti tunayakariri tangu utotoni. Buford alikuwa na sahani mapajani, akaiweka sakafuni. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Mjukuu wa Luella tulikuwa tumetoka kumzika, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia foili ikichanwa. Aliporudi alikuwa na kipande cha keki, amekifunga vizuri, pembe zote amezikunja, akakiweka mikononi mwa Merrill.

"Cha jioni," alisema. "Uliniomba."

Merrill alikipokea kwa mikono miwili. Luella akamgeukia Kelsie, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha.

"Mwanangu," alimwita.

Kelsie aliendelea kutazama nje.