Bakuli la Mifupa

…nani kaitupa mifupa, ndivyo Bibi Verna alivyouliza miaka minne iliyopita, jikoni hapa hapa, na watu tisa wakainamia sahani, Raylene mmojawapo, yeye ambaye chuoni hata kengele ya mwenyekiti wa mdahalo haimnyamazishi, na sasa birika halijachemka, kalamu iko mkononi, anaandika vitu vya Jumamosi mtoni, makoti ya mvua, chupa ya chai, kiti cha magurudumu cha Bibi, "na mkate wa kukaanga," Bibi anasema kutoka dirishani, "mwingi, binamu yako Dwight ana tumbo la dubu," haya, mkate, na wapitie lango la chini, la juu lina ngazi, hebu fikiria, ngazi, kwenye mto ambao wazee wa Bibi walivua kabla msitu ule haujaitwa hifadhi, na kibao kinachosema, usitupe kitu mtoni, mheshimiwa mwenyekiti, mfupa wa samoni si kitu, ni mgeni anayesindikizwa kwao akawaambie wenzake alipokewa vizuri… ukumbi ungepiga makofi, na nani angejua kwamba msemaji mwenyewe, wiki ya tatu ya chuo, alirudi nyumbani na usafi wake mpya wa bweni, akakomba mifupa yote ya samaki wa kwanza wa msimu ndani ya pipa la kijani, na asubuhi lori la taka likapita, "bakuli la mifupa nitalipakata mwenyewe," Bibi anasema, kama kila mwaka tangu siku ile, na mwaka jana aliteleza kwenye mawe, mikono inamtetemeka siku hizi, na Dwight, maskini, ndiye aliyeshukiwa, haruhusiwi kugusa sahani, ingawa hilo halijamuuma hata kidogo, mtetezi wa haki gani huyu, vuli tatu anasimama jukwaani akilaumu barabara, wakata miti, maji yaliyopata joto, kwa samoni kupungua, yote kweli, ana ushahidi, na moyoni pipa la kijani tu… "Dwight alipita jana, anasema samoni wamejaa mpaka chini ya daraja la miguu, wanasukumana kama watu kwenye mchezo wa bingo," Bibi anasema, na Raylene anahesabu bila kutaka, samoni hawa hukaa baharini miaka mitatu, minne, basi hawa ni mayai ya vuli ile ile, watoto wa mwaka wa pipa, hawakusindikiziwa mgeni wala hawakupelekewa salamu, na bado wamekuja, wanasukumana, majani ya manjano mgongoni, hawajanuna, ni yeye peke yake aliyenuna miaka minne kwa niaba yao, kichekesho, "unacheka nini wewe?" "Sicheki, Bibi," anacheka, birika bado, orodha imeishia kwenye mkate, chini yake anaandika bakuli, anaandika jina lake mbele yake, kalamu inatulia.

"Bibi, ile mifupa niliitupa mimi. Naomba Jumamosi bakuli nilibebe mimi."