Shingo Yangu na Kiti cha Dirishani

Mdogo wangu wa mwisho, binti ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, alipotangaza kwamba anataka kuwa kinyozi wa wembe wa kukunja, nilicheka mpaka nikapaliwa. Vinyozi wote ninaowajua wanatumia mashine. Wembe ule wa zamani, unaofunuliwa kutoka kwenye mpini wake, ulikuwa umebaki mkononi mwa Bwana Taratibu peke yake, mwenye duka la kunyolea pale kona, na nilidhani atazikwa nao.

Lakini Kitinda ana kichwa kigumu, na vidole vyake vina subira kuliko mdomo wangu. Alikuwa msusi mzuri tu. Akaacha kusuka, akaenda kumwomba Bwana Taratibu amfundishe. Mzee alikubali, ila kwa sharti: siku atakapomnyoa mwanamume ndevu zote bila kumtoa tone la damu, kiti cha dirishani kitakuwa chake. Akishindwa, kiti kitapewa jamaa mmoja wa mashine aliyekuwa anakimezea mate. Na kule saluni alikokuwa anasuka, nafasi ya Kitinda ilikuwa imeshachukuliwa.

Basi nyumbani tukapata tabu. Alikuwa anapuliza puto, analipaka povu la sabuni kwa brashi, kisha analinyoa povu lote kwa wembe. Likipasuka, Mama anashika kifua.

"Kitinda, utaniua kabla ya siku zangu."

"Pole, Mama. Hili la mwisho."

Halikuwa la mwisho. Alifuta povu ukutani, akapuliza jingine. Jioni alikuwa anapitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi aliouning'iniza kwenye kitasa cha mlango, mgongo wa wembe ukitangulia na makali yakifuata. Mara ya kwanza aligeuza, makali yakatangulia, akaukata mkanda wa watu. Mimi ni seremala, nimenoa patasi tangu sijaota ndevu, lakini nilikuwa nasimama pale namtazama mpaka chai inapoa. Nilimwonea fahari sana, ingawa sikumwambia, maana akisifiwa havumiliki.

Siku ya jaribio ilipofika, wa kujitolea shingo akakosekana. Shemeji yetu alikumbuka ghafla kwamba ana safari. Rafiki zangu, mabingwa wa kusema, waliniambia wana ngozi laini. Nikapiga moyo konde. Nilikuwa na ndevu za kutosha watu wawili, na huyu ni damu yangu; akinikata, amejikata mwenyewe.

Nilikaa kwenye kile kiti nikitazama dari. Mama alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, midomo ikicheza kwa dua. Jamaa wa mashine aliegemea mlango. Kitinda alinifunika uso kwa taulo la moto, akalitoa, akanipaka povu kwa brashi, akizungusha polepole mpaka nywele zikasimama. Kisha akavuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba na kuanza kushuka, akifuata nywele zinakoelekea.

Wallahi sikusikia kitu ila mlio mdogo, kama wa mtu anayefagia chumba cha pili. Shavu la kwanza likaisha. Nililigusa kwa ulimi kutoka ndani, nikahisi limekuwa la mtu mwingine. Nilitamani kumwambia, "Mama, huyu mtoto anaweza," ila kwa wembe usoni hata kumeza mate ni hatari.

Alipofika chini ya taya, anapotumia ile ncha ya wembe, nywele zikavutika. Nikajikaza kisabuni. Zikavutika tena. Kitinda akainua mkono, akausogeza wembe kwenye mwanga wa dirisha, akautazama kwa muda.

"Kaka, siendelei."

"Unasemaje?" nilinong'ona. "Malizia. Mimi nitavumilia."

"Utavumilia, lakini utatoka damu. Makali yameharibika hapa nchani."

Mama akainuka kidogo kwenye benchi. "Mbona nimeuosha vizuri asubuhi, mwanangu? Kwa maji ya moto, pamoja na vikombe. Nilitaka uje nao safi."

Wembe ule, ambao Kitinda hakuruhusu hata nzi atue juu yake, ulikuwa umegongana na vikombe kwenye beseni. Nilifumba macho. Nilijua hasira zangu, na ingekuwa ni patasi yangu, Mama angejuta siku hiyo. Jamaa wa mashine akacheka puani.

"Si kosa la Mama," Kitinda alisema. "Wembe ni wangu. Nilitakiwa kuujaribu kabla sijamgusa mtu, na sikuujaribu."

Bwana Taratibu akaja karibu. "Ukiachia hapa umeshindwa. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Mzee."

"Na kiti kinakwenda."

"Kiende tu. Shingo ya kaka yangu hainunuliki dukani."

Akaukunja wembe, akaanza kunifuta povu. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Mimi, niliyezoea kumtania tangu akitambaa, nilimshika mkono. Nikamgeukia mzee nikiwa tayari kwa vita.

"Sikiliza, Mzee..."

"Wewe shuka kwenye kiti," alisema.

Nikashuka. Akapanda yeye. Akatoa wembe wake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, akamnyooshea Kitinda, akaegemeza kichwa nyuma na kuinua kidevu chenye ndevu nyeupe.

"Kinyozi hajinyoi," alisema akitazama dari. "Tangu mwenzangu wa duka hili afe, sijapata wa kumpa shingo hii. Wengi niliowafundisha walikuwa wanamalizia tu, hata pale walipojua wembe umeharibika."

Kitinda akajifuta macho kwa kiwiko. Akaupokea wembe wa mzee, na kabla ya kitu chochote akaujaribu kwenye malaika, vile vinyweleo vya mkono wake mwenyewe, wembe wa mwalimu wake, mbele yetu sote. Mzee akaona, akatabasamu. Ndipo binti akachukua brashi.

Nami nikasimama pale dirishani, ndevu upande mmoja, watu wa barabarani wakinichungulia na kucheka, nikingoja zamu yangu kwa kinyozi.