Gauni la Manjano la Lima

Mkaguzi wa makumbusho alipovuta mapazia ya sebule mchana ule, Mzee Ramani alikuwa bado anatabasamu. Jina hilo alilipata kazini, kwa kuwa alichora ramani za serikali mpaka alipostaafu. Ukutani zilining'inia picha thelathini na moja za miji ya Amerika ya Kusini: viwanja vya Lima, bandari ya Valparaiso, vichochoro vya Quito. Zote zilichapwa zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, kisha zikapakwa rangi kwa mkono. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka bahari. Alizikusanya kwa miaka ishirini na sita, kwa kuandikiana barua na wauza picha na kuvaa viatu vilevile ili abane matumizi.

Makumbusho yalimwahidi chumba chenye jina lake, kwa sharti moja: picha zisipungue thelathini, na rangi ziwe za zama zilezile zilipochapwa. Alikuwa ameshatia saini fomu yenye orodha ya picha zote, kwamba ndivyo zilivyo.

"Ni utaratibu tu, mzee wangu," mkaguzi alisema, akiwasha tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, ya kupimia rangi.

"Mulika, binti. Anza na ile ya Lima. Yule mwanamke mlangoni, mwenye gauni la manjano, nimemwandikia kurasa tatu kwenye kitabu changu. Rangi ile ni udongo wa milima ya kwao."

Tochi ikapita juu ya paa, farasi, kanisa. Giza tupu. Ikafika mlangoni, na gauni likawaka kama taa ya barabarani.

Mkaguzi akasogea kwenye picha ya pili, ya tatu. Kwenye ukuta wote wa dirishani, miavuli, maua na mapazia yakawaka moja baada ya jingine. Mzee Ramani akahesabu, maana hakuwa na la kufanya zaidi. Tisa.

"Udongo hauwaki hivi," mkaguzi alisema taratibu. "Inayowaka hivi ni bizari, ile ya manjano ya mchuzi."

Vikombe viligongana mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama na sinia la chai.

"Mama watoto, unaona balaa hili? Nimeuziwa picha za uongo!"

"Hukuuziwa. Ni mimi."

Mzee akamtazama kama mtu asiyemfahamu.

"Ulipokwenda mafunzoni ile miezi mitatu," mkewe alisema, "bati la upande huu lilivuja. Wino ulibaki, rangi zikachuruzika zote. Nikachukua brashi na rangi za shule za mtoto. Ya manjano ilikuwa imekwisha, nikaingia jikoni."

"Na hukusema? Miaka kumi na tisa?"

"Uliapa kwamba atakayefungua fremu afungashe nguo zake. Ningeanzia wapi?"

"Lakini kila rangi iko mahali pake!"

"Ulitegemea nini? Kila mgeni akikaa hapo unamsimulia mwavuli huu, farasi yule, mpaka chai inapoa. Hata kuku wa jirani wanazijua."

Mkaguzi alikohoa, akageukia ukuta.

"Na yule wa mlangoni?" Mzee akauliza.

"Huyo hukuwahi kumtaja kabla ya hapo. Alikuwa mweupe tu, hana rangi. Nikaona si vizuri, wenzake wote wamependeza."

Mzee akakaa.

"Zinabaki ishirini na mbili, mzee wangu," mkaguzi alisema. "Chumba hakitawezekana."

"Waambie hukujua," mkewe akasema.

"Sikujua kweli. Ndilo linalonitisha."

Mzee akavuta fomu, akakata mistari tisa kwa rula, kama alivyozoea kukata mpaka uliochorwa vibaya. Kisha akafungua rasimu ya kitabu chake na kuzipiga mistari zile kurasa tatu. Pembeni akaandika: *Bizari. Jikoni kwetu.* Akaongeza mwaka, akasita.

"Ilikuwa mwezi gani?" alimuuliza mkewe, bila kuinua uso.