Mwambie Achore

Ofisa wa uhamiaji wa Uingereza alisukuma karatasi nyeupe na penseli hadi upande wa pili wa meza. "Mwambie achore."

Elkana, mkalimani kutoka Kenya, alishusha sauti. "Ndugu Kizito, anataka uchore chochote. Aone kama wewe ni mchoraji kweli."

Kizito aliutazama mkono wake wa kulia. Vidole vitatu vilikuwa vimepinda, havikunjuki. Kwao, mashariki mwa Kongo, alimchora gavana mwenye tumbo kubwa amekalia magunia ya unga wa wakimbizi. Gazeti lilitoka Jumanne. Jumatano askari walimfuata nyumbani.

"Mwambie walivunja vidole hivi kwa kitako cha bunduki, mule cachot, mahabusu. Haviwezi tena."

Elkana akatafsiri. Ofisa aliandika bila kuinua macho.

"Mkono wa kushoto je?"

Kizito akajaribu. Penseli iliteleza, na uso wa gavana ukatoka kama kiazi. Ofisa akaitia karatasi ile ndani ya faili.

Barua ya kujibu ombi lake la hifadhi ilifika wiki sita baadaye. Binti yake Keren, mwenye miaka kumi na miwili, aliisoma kimya, kisha akamweleza kwa Kiswahili, kama kawaida yake.

"Hawaamini ulikuwa mchoraji, Papa. Na wanasema katuni ni mzaha tu. Hakuna anayeumizwa kwa sababu ya mzaha."

Sidonie, mkewe, alizima jiko. Hakuna aliyekula.

Jioni hiyo Kizito alitakiwa kufika kwenye makumbusho. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuajiriwa, alijitolea kulinda michoro ya katuni ya Waingereza wa miaka mia mbili iliyopita: mfalme aliyevimba akipasua vifungo, mawaziri wenye pua za nguruwe. Leo ilikuwa ufunguzi wa maonyesho, na wageni walikuwa wakicheka kila pembe. Ukutani, Anne, msimamizi, alikuwa ameweka maelezo mapya yenye herufi kubwa: *Kizito, mchoraji wa katuni kutoka Kongo. London ilimpa hifadhi.*

"Anne, wamenikatalia."

Anne alifunika mdomo. "Pole, Kizito. Pole sana." Akatazama mlangoni. "Tuongee kesho, sawa? Wafadhili wameshaingia."

Akamshika bega, akamgeuza kuelekea kwa mama mmoja mwenye glasi ya mvinyo. "Huyu ndiye Kizito wetu."

Machozi yalimlengalenga yule mama. "Karibu nyumbani," alisema. Akamsimamisha ukutani mbele ya maelezo yale, akainua simu ampige picha, kisha akaishusha.

"Sogea kidogo, mpenzi. Unaziba neno 'hifadhi'."

Kizito akasogea.