Mashine ya Mshipi ya Umaira

Mdogo wangu Khairil aliingia dukani Jumamosi asubuhi akiwa amemshika mkono binti yake Umaira, na hata salamu hakutoa. "Kak," aliniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "nataka mashine ya mshipi ya mtoto. Rahisi kutumia, na isiyovunjika."

Nina miaka kumi na tisa nauza vifaa vya uvuvi hapa ukingoni mwa bwawa, na akina baba wa "isiyovunjika" nawajua. Hawamnunulii mtoto, wanainunulia aibu yao. Mwaka jana toman, samaki mkali wa bwawa hili, alimkatia Khairil mshipi mbele ya wenzake, na tangu siku hiyo kwenye mkahawa wa gatini akiingia tu wanaitana: "Mpisheni, mshipi umekatika!" Wanacheka wao. Yeye hacheki.

"Na wewe unataka ipi?" nilimwuliza Umaira. Ana miaka sita, na meno mawili ya mbele hana.

"Ya pinki, Mak Long." Ndivyo anavyoniita mimi, shangazi yake mkubwa.

Niliweka tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa wazi, mshipi nje, na mtoto wa miaka sita angejizonga vidole kabla ya kufika majini. Ya pinki ilikuwa ya plastiki tupu. "Hiyo ni ya kuvulia kwenye ndoo," alisema Khairil. Ya tatu ilikuwa ya chuma, imefunikwa kifuniko, na kitufe kinene nyuma yake: unabonyeza, unarusha huku ukiachia, unazungusha. Umaira aliielewa mara moja. Alirusha kipande cha mpira humo humo dukani na kukigonga kikombe changu cha kahawa. Nilicheka, nikamwambia ana mkono mzuri kuliko baba yake.

"Chukua hiyo," nilisema. "Haina matata."

"Toa huu mshipi wa kiwandani. Weka wa kusuka."

"Khairil, huu wameuweka mwembamba makusudi. Samaki akimzidi mtoto, unakatika, mtoto analia, mnarudi nyumbani kula."

"Nimeshakatikiwa vya kutosha mimi."

"Umekatikiwa wewe. Huyu ana miaka sita."

"Kak, unauza au huuzi?"

Nikauza. Naliandika hili bila kujitetea: niliujaza mshipi wa kusuka kwa mikono yangu, ule unaoweza kuning'iniza gunia dogo la mchele. Kisha yeye akachukua koleo langu na kukaza breki ya mashine mpaka mwisho, ili mtoto asiichezee. Mshipi ukivutwa sasa, hautoki hata unywele. Nilimwona. Wateja walikuwa wanasubiri, na nilikuwa nimechoka kubishana naye, basi nikanyamaza.

Walipotoka, moyo haukutulia. Huu ulikuwa mwezi wa vifaranga. Vifaranga vya toman hupanda juu pamoja kuvuta hewa, na maji yanatokota mahali pamoja kama sufuria ya wali, huku baba na mama yao wako chini wanalinda. Wanaume wa hapa hutupa chambo katikati kabisa ya vile vitoto, kwa sababu mzazi atakirukia chochote kinachoingia pale. Hana njaa, ana hasira. Mimi huo uvuvi siupendi na nimewaambia, nao wananiambia niuze ndoana ninyamaze.

Saa nne Khairil alinitumia picha. Umaira amekaa ukingoni mwa chelezo cha wavuvi kinachoelea gatini, kile chenye kibanda na jiko, anacheka na pengo lake, fimbo ya kuvulia mkononi. Niliitazama nikatabasamu, kisha nikaona kamba.

Hapa kila mtu huifunga fimbo yake kwenye nguzo ya chelezo, maana toman wameshaondoka na fimbo nyingi mno. Lakini mtoto hakai mahali pamoja. Khairil alikuwa ameifunga kamba ya fimbo kwenye kifundo cha mkono wa Umaira, fundo zuri la kibaharia, lile alilofundishwa na baba yetu.

Nilipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Kisha nikaliacha duka wazi na wateja ndani, nikakimbia kuteremka gatini na kandambili zangu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, watu wakiniuliza kuna moto wapi.

Nilikikanyaga chelezo kikayumba. Walikuwa upande wa pili. Hatua kumi mbele ya Umaira maji yalikuwa yanatokota.

"Khairil! Mfungue mtoto!"

Aligeuka na kidole mdomoni. "Shh! Kak, utawakimbiza!"

"Nimesema mfungue!"

"Baba, nirushe?" aliuliza Umaira.

"Rusha, mwanangu. Pale pale."

Kitufe kililia tik. Alirusha vizuri, Mungu wangu, alirusha vizuri mno. Chambo kiliangukia katikati. Maji yakanyamaza.

Kisha yakapasuka, na fimbo ikapinda mpaka majini. Mashine haikulia, kwa kuwa breki ilikuwa imekazwa mpaka mwisho. Umaira naye hakulia. Alivutwa kwa tumbo juu ya mbao, mkono mmoja mbele, macho yakimtazama baba yake, akaingia majini kichwa kikitangulia.

Khairil aliruka nyuma yake. Alimkamata gauni, akamwinua, na samaki akawavuta chini wote wawili. Niliona uso wa mtoto ukitokea na kuzama, ukitokea na kuzama. Baba yake alikuwa anajaribu kuukata mshipi kwa meno. Haukukatika. Nilinyakua kisu cha kuparia magamba kutoka jikoni mwa kibanda. Nililala kifudifudi, nikaushika mkono wa Umaira, nikakata kamba, na ngozi kidogo pamoja nayo. Fimbo ikaondoka kama imeitwa.

Alitapika maji, akapumua. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika mahali pawili. Nilimpiga Khairil kofi mbele ya watu wote, naye akalia kama mtoto, akaapa kwamba hatamgusisha tena mshipi. Nilimwamini. Nilimpikia Umaira uji siku nne mfululizo, na kila nikimlisha nilishukuru.

Siku ya tano fimbo ilionekana imenasa kwenye visiki vya ng'ambo. Toman alikuwa bado kwenye ndoana, kilo saba na zaidi. Khairil alimbeba begani akapita naye mbele ya mkahawa wa gatini, polepole. Hakuna aliyetaja mshipi kukatika. Wengine walisimama.

Ijumaa baada ya sala akaja dukani na Umaira. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa kwenye plasta mpaka kiwiko. Khairil aliiweka ile mashine mezani, imesafishwa, imepakwa mafuta.

"Kak," alisema bila kunitazama, "mpini wa hii unahamishika? Uje upande wa pili, azungushe kwa kushoto."

Nilimtazama Umaira. Nilitaka akatae. Nilitaka ajifiche nyuma ya miguu ya baba yake, alie, akimbie.

"Unahamishika, Mak Long," alisema taratibu. "Nimeshaujaribu."