Kikao Kilichokataa Kufungwa

Mtaa wetu una vyama vitatu, na vyote vitatu vina ugonjwa mmoja: vikao. Mtu wa kwetu akiona viti vitano vimepangwa kivulini, anakaa, kisha ndiyo anauliza agenda. Nimeendesha malori miaka mingi, nimelala kwenye miji ambayo watu wake hawalali na mingine ambayo hawaamki, lakini sijaona kwingine ambako jirani akija kuazima ngazi anaanza kwa kusema, "Mwenyekiti, kwa ruhusa yako." Watu husema natia chumvi, na jina la Babu Chumvi nimelizoea kuliko la kuzaliwa. Ila hili la kikao halikuhitaji mkono wangu. Lilikuja limekolea lenyewe.

Chama cha kwanza ni cha wafanyabiashara wa vibanda. Mwenyekiti wake tunamwita Punguzo, kwa kuwa tangu atoke tumboni mwa mama yake hajampunguzia mtu hata senti. Cha pili ni cha akina mama wa kitalu cha miche, na anayekiongoza ni dada yangu mkubwa, mtaani wanamwita Mama Miche. Cha tatu ni chama cha kuzikana, chini ya Fundi Cherehani, mzee mpole anayekutazama mabegani unapoongea naye, nawe hujui kama anapima shati au kitu kingine.

Vyama vyote vimezunguka bwawa letu. Bwawa lenyewe si la kupigia picha. Matete, vyura, mabata wasio na mwenyewe mpaka siku mtu akimchinja mmoja, ndipo wenyewe wanapotokea. Lakini mvua ikinyesha, maji yote ya mtaa hukimbilia humo kama watoto walioitwa kula. Nyumba ya Dada iko chini kabisa. Ukuta wake wa nyuma na bwawa wanasalimiana. Aliijenga na marehemu shemeji yangu, tofali baada ya tofali, na hana nyingine. Bwawa likifukiwa, maji hayatakosa pa kwenda. Yatakwenda chumbani kwa Dada.

Na manispaa ilitaka kulifukia. Stendi ya malori, na mbele yake safu ya maduka ya kisasa yenye vioo. Bwana Afisa aliyepewa kazi hiyo alianza kwa kumnong'oneza Punguzo kwamba duka la mbele kabisa litakuwa lake. Alinong'onezea kibandani, na kibanda cha Punguzo kimepakana na cha Kinyozi. Kabla ya adhuhuri siri ile ilikuwa imenyoa vichwa vyote vya mtaa.

Afisa hakuwa mjinga. Alijua kwamba mwaka uliotangulia tuliunda Umoja wa vyama vitatu, na tangu siku hiyo tulikuwa tunagombania jina la chama gani litangulie kwenye kibao. Akaona, watu wa namna hii ukiwaita pamoja watagombana wenyewe, wewe unaandika "wananchi wameshirikishwa" unaondoka. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Akaitisha kikao chini ya turubai la chama cha kuzikana, palepale kando ya bwawa. Juu barabarani akaegesha tingatinga, injini inanguruma, ili tujue kikao kina haraka.

Kiti alikalia Fundi Cherehani, kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye vyama vyote vinamwogopa: sote tutapita mikononi mwake. Kinyozi akawa katibu.

"Sisi ni watu wa sheria," Afisa alianza, amevaa suti iliyombana kwapani. Nilimwona Fundi akiumia rohoni. "Mashine ile haitagusa udongo kabla kikao hiki hakijafungwa rasmi. Kwa hiyo msiwe na wasiwasi."

Dada akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, nieleweshe, mimi ni mtu mzima, sishiki haraka. Kikao kikiwa bado, mashine haiingii?"

"Haiingii, mama. Sheria inataka mshirikishwe mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho," akasema Dada, akanigeukia. Mwanamke huyu alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nayajua macho hayo. Akiangalia vile, kuna mtu atalia, na hatakuwa yeye.

Agenda ya kwanza ilikwenda kama Afisa alivyoomba kwa Mungu wake. Wafanyabiashara walitaka maduka, akina mama walitaka bwawa, watu wakaitana majina ambayo Kinyozi alikataa kuyaandika. Afisa alikuwa anatabasamu, anaangalia saa.

"Kabla sijafunga," akasema Fundi, kama anavyosema siku zote, "kuna mengineyo?"

"Yapo," akasema Dada.

Hapa nikueleze, wewe ambaye hukuzaliwa kwetu. Kwetu agenda nyingine zote ni mlango tu. Mengineyo ndiyo nyumba. Kuna mzee aliingia kwenye mengineyo akiwa na meno yote, akatoka akiwa na mawili. Afisa hakulijua hilo. Akakunja nne, akasubiri dakika chache.

Dada alianza na vyura. Akawasema kwa ukoo wao, yupi analia kabla ya mvua na yupi analia baada, na yule mnene anayelia kwa tabia mbaya tu. Akafuata mwenzake wa kitalu, akaeleza safari ya mche mmoja tangu ulipokuwa mbegu. Mjumbe mmoja wa kuzikana akasimama kulalamika kuhusu matundu ya turubai, tundu moja moja, na kila moja lilipatikana kwenye msiba wa nani. Mtu akiishiwa, mwingine anadakia: "Taarifa, Mwenyekiti!" Jua lilipoanza kuinama wakanipa mimi.

Niliwaeleza kuhusu mji mmoja niliopita na lori langu, mji uliofukia bwawa lake. Maji yakakosa kwao. Yakaanza kubisha hodi nyumba hadi nyumba, kwa adabu kabisa, watu wanayafungia. Mwishowe yakaenda ofisi ya manispaa, yakapanda ngazi, yakakaa kwenye kiti cha mkuu. Na kwa kuwa yalikuwa hayachelewi kazini, wananchi wakaona heri yabaki.

"Hilo limetokea kweli?" Afisa akauliza, amekunja uso.

"Mheshimiwa, lori langu ndilo walilogeuza mashua. Nenda kaulize, wanalo mpaka leo, linavua samaki."

Turubai zima likacheka, na hapo ndipo Afisa alipotuelewa. Akasimama. "Mwenyekiti, funga kikao."

"Mheshimiwa, wewe ni mgeni rasmi, tunakuheshimu sana," Fundi akasema taratibu. "Ila hoja ya kufunga hutolewa na mwanachama, na mwanachama mwingine akaiunga mkono. Yupo?"

Sisi, watu ambao tungeunga mkono hata hoja ya kunyongwa wenyewe ili tu tusikike, tulitazama kucha zetu.

"Hayupo. Basi kikao kinaahirishwa mpaka kesho asubuhi. Na kuahirisha, Mheshimiwa, si kufunga."

Afisa aliondoka na hasira, lakini hakuondoka bure. Nilimwona akisimama kwa Punguzo, akimshika bega. Wafanyabiashara humfuata Punguzo kama mkia. Akitoa hoja yeye, kuna ishirini wa kuiunga. Mtaa mzima sasa ulining'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja, na mdomo huo ulikuwa umeahidiwa duka la vioo.

Asubuhi Dada akanipitia. "Twende dukani."

"Kwenda kumbembeleza yule? Dada, jiwe halikamuliwi."

"Nani kasema nambembeleza? Naenda kununua."

Punguzo alikuwa anapanga bidhaa zake. Alipomwona Dada akainua mikono. "Mama Miche, usinianze. Nina watoto. Biashara inataka kukua, siwezi kuzeekea kwenye kibanda cha mabati."

"Sijaja kwa hayo. Nipe ndoo. Ile kubwa."

"Ya nini?"

"Ya kuchotea maji chumbani. Au nichukue mbili? Umri huu nitachoka, lakini mbili zinawiana mkononi."

Punguzo akataja bei, bei ya kunyonga, akisubiri Dada aanze kupiga kelele kama siku zote, maana wawili hao wamebishania bei tangu ujana wao na nadhani ndicho kinachowaweka hai. Dada akafungua pindo la kanga, akalipa. Bei ileile. Akaweka ndoo kichwani, akaondoka.

Punguzo alibaki ameshika ile pesa kama mtu aliyepewa nyoka amshikie. "Babu Chumvi," akaniita, "dada yako anaumwa?"

"Haumwi. Amekata tamaa na wewe."

"Amenidharau!"

"Hilo mnajuana wenyewe, ndugu yangu. Mimi nawahi kikao."

Siku hiyo turubai lilijaa hadi watu wakakaa kwenye matete. Hata dereva wa tingatinga aliizima mashine yake, akaja kukaa nyuma, akaomba kiti. Afisa hakutaka hata salamu. "Tusipoteze muda. Kuna mwanachama ana hoja."

Punguzo akasimama. Akakohoa. Akapangusa jasho. Nilimtazama Dada, alikuwa amekaa wima, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

"Mwenyekiti," Punguzo akasema, "nimefanya biashara maisha yangu yote. Sijawahi kumpunguzia mtu."

"Tunajuaaa!" turubai likaitikia.

"Basi na Afisa simpunguzii."

Afisa akafungua mdomo, lakini Punguzo alikuwa amekwisha kupata moto. "Maduka tunayataka! Nani hataki kukua? Ila hatuwezi kukua kama jipu, upande mmoja unavimba na mwingine unaoza. Wateja wangu wanakaa bondeni. Wakizama, hayo mavioo nitamuuzia nani, vyura? Kule juu kwenye mwinuko kuna uwanja mtupu wa manispaa, takataka tu. Maduka yakae kule. Bwawa lichimbwe, liwe na kina, kingo washike akina mama na miche yao. Na turubai la kuzikana lipate banda, limelowa mpaka marehemu wanalalamika. Naomba turudi kwenye agenda ya kwanza!"

"Naunga mkono!" Sijui nani alitangulia. Mimi nilisikia sauti ya mtaa mzima, na ukibisha nitakwambia hata mabata waliunga.

"Hii ni hujuma!" Afisa alikuwa amesimama. "Nitaleta askari!"

"Waje wakae," Dada akasema bila kupaza sauti. "Viti vipo. Nao ni wa kufa kama sisi, tutawaandikisha uanachama."

"Mtachoka!"

Fundi Cherehani akamtazama mabegani, polepole, kulia kisha kushoto. "Mheshimiwa, chama chetu hakichoki. Sisi tunamngoja kila mtu."

Afisa akageuka kumtafuta dereva wake wa mashine. Yule bwana alikuwa amenyoosha mkono, kiherehere kimempanda. "Mwenyekiti, mimi si wa mtaa huu, lakini kwetu pia kuna mto wanataka kuuziba..."

"Wewe!" Afisa akamfokea. "Panda mashine!"

"Nipande nifanye nini, bosi? Umesema mpaka kikao kifungwe. Tajiri wangu amenipigia simu tangu jana, kuna kazi kwingine inaningoja." Akamaliza hoja yake kuhusu mto, akashukuru, akapeana mikono na safu nzima ya mbele, akapanda tingatinga akaenda zake. Tulisikiliza mlio ule ukipungua mpaka tukabaki na vyura.

Usidhani tulishangilia. Afisa alisema atarudi, na mashine ziko nyingi duniani. Ndiyo maana asubuhi iliyofuata tulishuka bwawani na majembe, vyama vyote vitatu, mchanganyiko. Kikao tulishuka nacho. Fundi alikaa kwenye kiti chake ukingoni, suruali imekunjwa magotini. Kinyozi aliingia matopeni na daftari. Pembe ya kaskazini ikichimbwa, anauliza, "Inapita?" Tunajibu, "Imepita!" Dada alipanga miche ukingoni, Punguzo akabishana naye nafasi kati ya mche na mche, akadai anaiba ardhi, Dada akamwambia arudi kwenye mabati yake, na wote wawili walionekana wamepona ugonjwa. Mimi nilipewa koleo. Nilichimba sana; kuna sehemu nilichimba nikasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakigonga kuniomba nipunguze kelele.

Tulikuwa katikati ya matope gari la Afisa liliposimama barabarani. Aliteremsha kioo, hakushuka. Nyuma ya gari hapakuwa na mashine, kesho sijui. Alitutazama kwa muda mrefu: wazee, akina mama, wenye vibanda, wote rangi moja ya udongo.

Punguzo akaegemea jembe lake, akapaza sauti ile anayoitia wateja.

"Mheshimiwa! Karibu kikaoni! Umechelewa, lakini vua viatu ushuke, Kinyozi atakuandika umehudhuria!"